Tango la Mbegu la Anastasia

Wangoni wana sifa nyingi, na nyingi wamejipa wenyewe. Kasiani alikuwa na moja tu aliyopewa na watu wengine: hakuna aliyepata kumwona akishinda ubishi na mkewe. Majirani zake wa Mtoni, huko nje ya mji ukishaipita Temeke kuifuata njia ya Kilwa, walikuwa wakisema babu zake waliteka nchi nzima ili mjukuu aje atekwe na mwanamke mmoja mfupi. Kasiani akisikia hucheka. Ametekwa, ndiyo, na kutoroka hataki.

Mwanamke huyo mfupi ni Anastasia. Alitoka Songea akiwa na sufuria, sanamu ndogo ya Bikira Maria, na mbegu za tango zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Mbegu hizo alipewa na mama yake siku ya kuolewa, kama mama naye alivyopewa na wake. Lilikuwa tango fupi, nene kiunoni, lenye michirizi myeupe. Likiiva hugeuka rangi ya mkate uliokolea moto, na ngozi yake huchanika mistari kama kisigino cha mkulima. Kwa sura halikuwa kitu. Lakini likikatwa, mpita njia aliye nje ya uzio husimama akauliza humu ndani mna nini leo.

Mungu hakuwapa mtoto. Walisali, wakanywa mizizi ya kila kabila lenye mizizi, mwisho wakaacha kulizungumza jambo hilo, kama watu wanavyoacha kuzungumza habari ya jino lililokwisha ng'olewa. Mama yake Anastasia alipofariki huko kwao, kaka zake waligawana shamba wakalipanda tumbaku. Wakaandikiwa watume mbegu za lile tango. Walijibu kwamba tango haliuziki. Kwa hiyo duniani kote, kwa kadiri wawili hao walivyojua, tango lile lilibaki kwenye kibuyu kimoja, darini, Mtoni.

Kasiani alikuwa mfanyakazi wa bustani ya majaribio ya serikali, mwendo mfupi tu kutoka kwake. Aliyewasimamia pale ni Gozbert, Mhaya, msaidizi wa Bwana Shamba, mtu mwenye roho nzuri aliyevaa soksi ndefu mpaka gotini hata siku ambayo kuku wanahema kwa jua. Siku moja, kabla ya masika, Gozbert aliwakusanya watu wake akawaambia kazi mpya.

"Matango tuliyoletewa ni mengi kuliko ardhi tuliyonayo," alisema. "Ya Uluguru, ya Kilwa, ya Tanga, mengine yametoka Bara Hindi. Kuyalea yote hatuwezi. Tutayapanga yanayofanana pamoja, kisha kila kundi litoe moja la kulisemea. Hayo ndiyo yatakayotunzwa, yachunguzwe, na kuzaa mbegu bora."

"Kama wajumbe wa baraza," akasema Kasiani.

"Kama wajumbe. Ila haya hayatasinzia barazani."

"Na yale yasiyochaguliwa, bwana?"

"Hayo mtakula na chumvi."

Wakacheka. Gozbert akaendelea kueleza kwamba kila aina ipandwe mbali na mwenzake, maana nyuki hana adabu ya ndoa. Anatoka kwenye ua la huyu anaingia kwa yule, na mbegu inayopatikana haijui baba yake. Kila mfanyakazi achukue aina moja akaioteshe nyumbani kwake, alete tango limeiva kabisa, mbegu zake zimekomaa. Siku ya kuchagua, lisilokuwepo mezani halitahesabiwa. Litakalochaguliwa litawekewa kibao, kiandikwe jina la mahali lilikotoka au la mtu aliyelileta.

Kasiani aliomba apande la mkewe. Gozbert akakubali.

Jioni ile Anastasia alikuwa amelala kwenye mkeka ukumbini. Alikuwa ameanza kukohoa tangu vuli, kikohozi kikavu kisichosikia tangawizi wala sindano za hospitali. Kasiani alipomaliza kumsimulia, mkewe aliuliza:

"Hicho kibao kitaandikwaje?"

"Anastasia."

"Kwa chaki?"

"Kwa rangi, mke wangu. Chaki si itaoshwa na mvua?"

Anastasia akajiinua kwa kiwiko. "Basi nitakuwa na mtoto anayejulikana serikalini," alisema. "Wangapi hapa Mtoni wana mtoto anayejulikana serikalini, mbali na wale walioko jela?"

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Kasiani akamshika mgongo. Lakini tangu siku hiyo hawakuwa na neno lingine. Tango lipite, jina lipite. Ndilo lililokuwa likimwamsha mwanamke yule asubuhi wakati mwili wenyewe ulikuwa umekwisha kukataa.

Kibuyu kiliposhushwa, panya walikuwa wametangulia. Zilipatikana mbegu chache tu zilizoponea kwenye mshono wa ufa wake. Wakazipanda zote nyuma ya nyumba, kando ya uzio wa makuti. Nyingine zilikufa kwa jua, nyingine zikaliwa na wadudu zikiwa na majani mawili. Ulisimama mche mmoja. Mche huo Anastasia aliulea kama mkunga anavyomlea mzazi wa uzao wa kwanza. Maua yalipokuja, alikokotwa na Kasiani mpaka pale alfajiri, akachuma ua dume, akaligusisha kwenye ua jike, kisha akalifunga lile jike kwa uzi mwekundu ili nyuki asije akaleta ukoo mwingine. Maua mengine yote aliyapukuta, nguvu zote ziende kwa moja.

"Umeweka mayai yote kwenye kikapu kimoja," jirani yao Jovina alimwonya. Huyu Jovina ni Mmwera aliyekuwa akimfulia Anastasia nguo, na alikuwa na mdomo ambao mlango wake haukuwa na komeo.

"Sina kikapu cha pili, dada," Anastasia akajibu.

Tango likatunga. Likanenepa. Hospitali ikasema dawa zimefika mwisho, mgonjwa apumzishwe nyumbani. Kasiani akauvuta mkeka mpaka mlango wa uani ili mkewe alione tango akiwa amelala.

Siku moja, adhuhuri, Anastasia alisema, "Kasiani, nina hamu ya lile tango."

Tangu atoke Songea hakupata kula tango la aina nyingine lililompendeza. Kasiani alichukua kisu, akaenda uani, akasimama mbele ya ule mche. Tango bado lilikuwa la kijani. Mbegu bado maziwa. Akalishika shina lake, akaliacha. Akalishika tena. Aliona afadhali kibao kikose jina kuliko mke akose kipande cha tango, akaweka kisu kwenye shina. Hapo akasikia sauti nyembamba kutoka mlangoni.

"Ole wako ulikate! Nilikuwa nakupima tu. Ningekufinya mpaka ukawa mwekundu kama Mzungu."

Akarudi, akakaa kando yake. Hakujua, na hakujua kamwe, kama alikuwa akipimwa kweli au mkewe alibadili nia alipomwona na kisu.

Sasa mtu wa kusimuliwa ni Mfaume. Mfaume ni Mngindo wa Liwale, akiuza mkaa Mbagala, na Mngindo na Mngoni ni watani. Babu zao walichinjana, wajukuu wakarithishwa kutukanana. Ndivyo wahenga walivyoona ni nafuu. Mfaume alikuwa hapigi hodi kwa Kasiani. Alikuwa akiusukuma mlango kwa teke na kunadi, "Mpo humo, wala panya?" Na Kasiani anamjibu, "Ingia, mateka, njoo ule mkia uliobaki." Siku ambayo Mfaume hakuja kuwatukana, nyumba ile ilihisi imepungukiwa chumvi.

Alikuja kumtazama mgonjwa wiki ile ya mwisho. Akaketi, akamwangalia Anastasia alivyokwisha, macho yakamlemea, na kwa kuwa mtani haruhusiwi kulia akasema, "Shemeji, Wangoni wakikonda hivi hata fisi watawagomea. Ule bwana."

"Nikifa, Mngindo," Anastasia akamjibu kwa pumzi fupi fupi, "nakujua ulivyo mlafi. Usije ukala tango langu."

"Lile pale lenye uzi?"

"Lile lile. Usiliguse."

"Nimesikia, mama," Mfaume akasema, akakonyeza.

Kasiani alikuwepo. Aliyasikia yote mawili, lile katazo na ule mkonyezo, na hakusema kitu. Kwani mtu aanze kueleza utani kwa mtani? Anastasia alisema kweli tupu, kwa moyo wake wote. Lakini kwa watani, kukatazwa ndiko kualikwa. Ukimwambia mtani wako asiguse kofia ya marehemu, umekwisha mpa kofia. Atakuja nayo kichwani siku ya msiba, na usipoiona utauliza iko wapi.

Anastasia alifariki Jumanne, wakati Jovina anampangusa uso. Alikuwa anatazama uani.

Watu wakajaa. Wakatoka Wangoni wa Temeke, wa Gongo la Mboto, katekista akaja na vitabu vyake, wanawake wakaweka mafiga nyuma ya nyumba maana mbele kumejaa wanaume. Kasiani alikaa kwenye jamvi kama gunia lililosahauliwa stesheni. Watu walimpa mkono, akaupokea. Walimpa uji, akaushika mpaka ukapoa.

Mfaume akaanza kazi yake. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa, aliruka ndani akajinyoosha. "Hapa hapaingii Mngoni," akasema kutoka shimoni. "Hii ni ardhi ya Wangindo, nyie mlikuja kwa miguu juzi. Leteni ada!" Wakampa kuku, akamkataa, akasema amekonda kama mwenye nyumba. Wakamwongezea tumbaku, akatoka. Wanawake waliokuwa wakilia walijikuta wanacheka machozi yakiwa bado shavuni, na hicho ndicho alichoitiwa. Msiba usiokuwa na mtani humwacha mfiwa peke yake na maiti.

Waliporudi kutoka makaburini, watu wakiwa wametulia wanangoja ubwabwa, Mfaume alitokea kona ya nyumba amejifunga kanga ya Anastasia. Aliukunja mgongo, akafupika, akaja kwa ule mwendo wa haraka haraka wa marehemu ambao kila mtu pale aliujua.

"Kasiani!" akaita kwa sauti nyembamba. "We Kasiani! Umemwagilia? Umekaa tu na wanaume wenzako, umemwagilia?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ilikuwa sauti yake hasa. Kasiani aliinua kichwa, na kwa kitambo kifupi, Mungu amsamehe, alifurahi.

Kisha akauona mkono wa Mfaume. Ulishika tango fupi, nene kiunoni, la kijani bado, na kwenye kikonyo chake ulining'inia uzi mwekundu.

"Nilikwambia usile tango langu, Mngindo!" Mfaume akajikemea kwa sauti ya marehemu. Akajijibu kwa sauti yake mwenyewe, nzito: "Shemeji, ungeniambia nile, nisingekula!" Akalitia meno. Watu waligaragara. Alitafuna kwa mbwembwe, akatema mbegu huku na huku kama mfalme anayemwaga zawadi, akamalizia mpaka kikonyo, akajipangusa mdomo kwa kanga.

Nyuso zote zikamgeukia Kasiani. Mfiwa akicheka, msiba umepata dawa. Mfiwa akimkasirikia mtani, amewatukana babu wa pande zote mbili, na hakuna aliyepata kumwona Mngoni wa namna hiyo. Mfaume naye alisimama mbele yake, kanga imemkaa upande, macho yana machozi aliyokuwa ameyazuia tangu asubuhi, akingoja. Alikuwa ametoa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo.

Kasiani akacheka. Alicheka kwa nguvu kuliko wote. Akawapiga mapajani watu waliokaa karibu naye. "Mateka huyu!" alisema. "Mateka huyu ataniua!" Wazee wakaambiana kwamba sasa mwenzao atapona.

Kesho yake asubuhi Jovina alikuja kuchukua vyungu. Alimkuta Kasiani uani kwa magoti na viganja, kati ya mafiga, anapekua majivu na maganda ya ndizi. Ule mche ulikuwa umekanyagwa na wapishi mpaka ukawa kamba. Kuku walikuwa wanatangatanga.

"Unatafuta nini, kaka?"

Akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na mbegu chache, nyembamba, zimenywea kama magamba ya dagaa.

Jovina alizitazama. Alikuwa mkulima, hakuhitaji kuambiwa. "Hizi tupu," alisema polepole. "Hazina kitu ndani."

"Pengine moja," Kasiani akasema.

Alizikausha kivulini. Akazipanda kwenye chungu kilichovunjika shingo, udongo wa kuchekecha, akakiweka pale mlangoni kwenye mkeka mtupu. Alimwagilia kabla ya kwenda kazini na akirudi. Udongo ulitoa nyasi, ukatoa uyoga mdogo mweupe. Mwishowe akaupekua kwa kidole. Zilikuwa zimeoza zote, laini, zinanuka maji.

Siku ya kuchagua, Gozbert aliweka meza ndefu chini ya kibanda, matango yakapangwa. Marefu kwa marefu, yenye miiba kwa yenye miiba, meupe, ya njano, la Tanga lililopinda kama mundu. Gozbert alizunguka akiwa na kisu na kioo cha kukuzia, anakata, ananusa, anapima unene wa nyama, anahamisha hili kwenda kundi lile. Kasiani alikuwa akimshikia sahani. Kazi ilikuwa nzuri, na kama angekuwa na moyo mwingine angeifurahia.

Walipofika kundi la mafupi, Gozbert akaacha kisu. Habari alikuwa anazo.

"Mzee Kasiani. Hili la Mahenge." Akalisogeza mbele. Lilikuwa fupi, lenye michirizi, rangi ya mkate. "Hili ndilo nitakalolichagua lisemee kundi hili. Aliyelileta hakuandika jina lake, na kule linakotoka ni jirani na kwenu. Nimeangalia sana. Kwa macho, ni ndugu wa lile la marehemu." Akashusha sauti. "Kibao bado hakijaandikwa. Nikiandika Anastasia, nani ataumia?"

Kasiani alilichukua. Lilijaa mkononi vilevile. Alilinusa pale lilipokatwa. Harufu ilikuwa karibu; ilikuwa karibu sana, kama sauti ya Mfaume siku ile ndani ya kanga. Alisimama nalo muda mrefu, na Gozbert, ambaye alikuwa na meza nzima ya kumaliza, hakumharakisha.

"Anastasia angefurahi," Gozbert akasema.

"Angefurahi kibao," Kasiani akajibu. "Halafu angekuja kulitazama, angejua." Akalirudisha mezani taratibu, michirizi juu. "Huyu ni mtoto wa mtu, bwana. Kuna mwanamke huko Mahenge amemlea. Sie hatukujaliwa. Sitaiba wa mwenzangu sasa, uzee huu."

Gozbert aliinama kama anatafuta kitu kwenye soksi yake. Kisha akaandika: Mahenge.

Jumapili iliyofuata Kasiani alisikia mtu anapiga hodi. Hodi ya kistaarabu, mara moja, kisha kimya. Akafungua. Alikuwa Mfaume, amevaa kanzu safi, kofia mkononi, kapu miguuni.

"Asalaam alaikum, ndugu yangu," akasema.

Kasiani akahisi baridi. Ndugu yangu! "Umelogwa?" akamwuliza. "Teke lako liko wapi?"

Mfaume hakucheka. Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Ndani ya kapu mlikuwa na matango makubwa, mabichi, aliyoyatafuta kwa Wangindo wenzake Mbagala nzima. "Jovina ameniambia," alisema. "Mie nilidhani mbegu mnazo. Nilidhani kule kazini kwenu mnazo magunia. Wallahi, Kasiani, nilidhani."

"Jovina ana mdomo."

"Nisamehe."

"Usiseme neno hilo. Mtani haombi msamaha."

"Nimemla mtoto wenu, Kasiani. Nisamehe."

Kasiani akasogeza kiti karibu. Tangu msiba alikuwa na swali moja, na hakuna mwingine duniani wa kumwuliza. "Niambie basi. Lilikuwaje? Yeye alikuwa na hamu nalo, hakulionja. Lilikuwa tamu?"

Mfaume aliitazama kofia yake. Zamani angesema lilinuka Mngoni. Zamani angesema lilikuwa na ladha ya panya.

"Chungu," alisema. "Lilikuwa bado. Nilimeza kwa nguvu, maana wewe ulikuwa unanitazama."

Nje kuku wa Jovina alikuwa anatetea yai lake.

"Nitukane basi," Kasiani akasema. "Mngindo, nakuomba. Neno moja tu. Mke sina, tango sina, nitukane."

Mfaume akafumbua kinywa. Midomo ikamcheza, ikatafuta, ikafunga. Akainuka, akampa mkono kwa mikono miwili kama mtu anayemuaga padri. "Mungu akutie nguvu, ndugu yangu," alisema. Akatoka, akaurudishia mlango polepole usije ukapiga kelele.

Kasiani hakuwa amelia siku ya kufa, wala siku ya kuzika. Adabu ile ndiyo iliyomliza.